Ngumi Iliyobaki Kiwandani

Mkono wangu wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo miaka tisa iliyopita, na tangu siku hiyo haujatulia hata dakika moja. Najua mtasema: mkono usiokuwepo utatuliaje? Njooni mkae nao nyie. Vidole vyangu vitano, ambavyo havipo, vimekunja ngumi. Kucha, ambazo hazipo, zinachimba kiganja, ambacho hakipo. Maumivu ndiyo yapo. Nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kukaa. Nimezunguka sebule yangu mpaka zulia limeota njia kama ya mbuzi, na wageni wakiuliza nawaambia lilitoka dukani hivyo hivyo, ndiyo mtindo.

Nimekitia kigutu maji ya moto, maji ya barafu, mafuta ya kila rangi. Nimekifokea. Siku moja mke wangu alinikuta mbele ya kioo cha bafuni nakibembeleza, "Fungua basi baba, fungua kidogo tu." Mke wangu tumekaa pamoja miaka thelathini na minane, hashangai kitu. Aliniambia nikimaliza mazungumzo nisisahau kufunga bomba.

Ndipo tukapewa barua ya kwenda ghorofa ya tatu ya hospitali kuu, mlango ulioandikwa UHALISIA PEPE. Mwenye chumba alikuwa binti mfupi aliyevaa raba nyeupe, zikilia kwii kwii kwenye sakafu kila akipiga hatua. Nikamwita Daktari Raba. Akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa viungo. Nikamwambia raba zimeshampandisha cheo, asirudi nyuma.

Chumbani mlikuwa na kiti, kompyuta mbili, skrini kubwa ukutani, na mawani mazito meusi kama ya mzamiaji, yakining'inia kwenye ndoano.

"Mzee, ubongo wako haujapata habari kwamba mkono umekwenda," akaniambia huku akinibandika viwaya kwenye kigutu. "Habari za mwisho ulizopata ni za ngumi, basi umebaki nazo. Ukivaa haya mawani utauona mkono wako. Ukijaribu kuufungua, hivi viwaya vitasikia misuli iliyobaki, na mkono wa kwenye picha utafuata. Tunaufundisha ubongo upya. Wapo wanaopona, wapo wasiopona. Sikuahidi."

Nikavaa. Wacha! Nilipoinamisha kichwa niliuona mkono wangu wa kulia, mzima, na ngozi ya kahawia kama yangu, umekaa kwenye paja langu. Nilitaka kuubusu, nikabusu hewa. Daktari Raba akajifanya anaangalia waya.

Wiki mbili alinichezesha mipira: chukua mpira mwekundu, weka kwenye kikapu. Mkono wangu mpya ulikuwa unaipiga ile mipira ngumi tu, inaruka ovyo kama vyura. Haukunjuki.

"Basi tubadilishe," akasema. "Nitakutengenezea mahali pale pale ulipoupoteza. Ngumi ilianzia huko, pengine itaachia huko huko. Niambie, ilikuwaje?"

Sasa hapo.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Watoto wa mtaani nimewaambia mkono uliliwa na chui wa maonyesho. Kinyozi anajua niliuacha chini ya treni nikimwokoa mzee mwenzangu. Binti wa watu akakaa na kalamu yake, macho yamemtoka kama anayesubiri habari za ikulu, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mamba."

"Mamba?"

"Mamba, mwanangu. Mkubwa kama basi. Tulivutana kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri."

Akaandika yote. Hata adhuhuri aliiandika.

Nyie nitawaambia ukweli, maana bila huo hamtaelewa kwa nini nilikuwa nahangaika kama niliyekalia siafu.

Nilikuwa mkataji mkuu katika kiwanda cha uchapaji. Mashine ya kukatia karatasi ina kisu kirefu kama mlango wa kabati. Ili kishuke, lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kimoja huku kingine kule, vimetenganishwa makusudi ili mikono yote miwili iwe mbali. Tena kiwandani kwetu palikuwa na desturi: kabla ya kila mkato, mpangaji wa karatasi anaita, "Mikono!" na mkataji anajibu, "Nje!" Hapo ndipo unabonyeza. Mimi ndiye niliyeanzisha desturi hiyo. Wakataji wote wa kiwanda kile niliwafundisha mimi, na aliyesahau kujibu nilimfukuza kwenye mashine siku nzima.

Ila kazi ikizidi, mimi mwenyewe nilikuwa nakibandika kile kitufe cha kulia tepu nyeusi ya mafundi umeme, kibaki kimebonyea. Hapo mkono wa kulia uko huru kunyoosha karatasi, na wa kushoto unabonyeza peke yake. Nilikata mara mbili ya wenzangu, wakadhani ni kipaji.

Mpangaji wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Siku hiyo tulikuwa na kalenda za mwaka mpya, milima na milima. Akaita, "Mikono!" Nikajibu, "Nje!" na wa kulia uko ndani. Nikabonyeza.

Shemeji alivua shati akanifunga. Huku ananifunga, akaing'oa ile tepu akaitia mfukoni, meneja asije akaiona nikafukuzwa. Akaninong'oneza, "Nimeitoa, shemeji. Nyamaza tu." Ile tepu akaitupa hospitalini.

Kesho yake meneja akaja kitandani na wakataji wote niliowafundisha, wamepanga mstari, kofia mikononi. Akauliza, "Nani alibonyeza?" Nikawatazama wale vijana. Nikasema, "Shemeji yangu."

Alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Alisema tepu, tepu, wakaenda kutazama mashine, tepu hakuna. Alimwambia dada yake, "Muulize mumeo kuhusu tepu." Dada yake hakuniuliza. Alichagua upande wangu, akamfungia mdogo wake mlango. Mama mkwe naye akamkataza mwanawe asikanyage kwake. Miaka tisa.

Basi nilichotaka ni hiki: ngumi ikunjuke, na mke wangu asijue.

Daktari Raba akanitengenezea mto. Kazi nzuri, siwezi kumnyima sifa: maji yanang'aa, majani yanapepea, na mamba anatoka taratibu kama anadai. Siku ya kwanza nilipiga yowe mpaka wauguzi watatu wakaingia. Siku ya pili nikamzoea. Siku ya tano tulikuwa marafiki. Ngumi ndiyo kwanza ikazidi kukaza, nikawa natafuna kola ya shati kwa maumivu.

Siku ya sita mke wangu akanisindikiza, maana nilikuwa nimeanza kutembea mpaka barabarani bila kutazama magari. Akakaa nyuma na pochi yake mapajani, akitazama skrini ukutani.

"Samahani mwanangu," nikamsikia. "Huyu mamba anafanya nini hapa?"

"Si ndiye aliyemkata mzee?"

Nikasikia kiti chake kinasogea.

"Mamba wa wapi? Huyu? Huyu bafuni anaingia ameshika ukuta! Mto wenyewe ameuona kwenye picha!"

"Mama, amenieleza mpaka saa."

"Mwanangu, huyu ukimuuliza jina lake, kaulize na majirani. Mkono ulikatwa na mashine kiwandani. Mdogo wangu ndiye aliyebonyeza."

Nikavua mawani. Daktari Raba alikuwa ananitazama jinsi mwalimu anavyomtazama aliyenakili mtihani pamoja na jina la mwenzake.

"Wiki nzima, mzee," akasema. "Nimemchora meno moja moja."

"Meno yalipendeza."

"Kesho tunaanza kiwanda. Na mama utakuja kila siku, maana mzee peke yake simwamini tena."

Nilichelewesha nilivyoweza. Nikiulizwa madirisha yalikuwa wapi, nasema upande wa mashariki. Yakishachorwa, nasema la, magharibi. Saa ya ukutani niliihamisha mara nne. Taa niliongeza, nikapunguza. Mke wangu akawa ananikazia jicho. "Wewe umefanya kazi mle miaka thelathini na mmoja," akasema. "Leo hujui mlango?" Nyumbani sikukaa. Nilipanga vyombo, nikavipangua. Nilikwenda dukani kununua chumvi, nikarudi bila chumvi, nikaenda tena. Ngumi nayo inadunda kama ina moyo wake.

Siku ikafika. Nikavaa mawani, na kiwanda kikanizunguka: mafungu ya karatasi, mashine yangu ya kijani iliyobanduka rangi, vitufe viwili vyekundu, kisu juu. Daktari Raba hakuweka harufu, lakini wino niliusikia, naapa.

"Usikate kitu," akasema. "Simama tu mbele ya mashine kama unavyoanza kazi asubuhi. Acha mikono ijiendee."

Na mikono ikajiendea. Nilisikia mkono wa kushoto unashuka kwenye nyonga yangu, pale palipokuwa na mfuko wa aproni. Ukachomoa kitu. Ukavuta, ukakata kwa meno, kweli nilipeleka kichwa, ukapeleka kwenye kitufe cha kulia. Ukabandika. Kidole gumba kikapitia juu yake mara mbili, ili ishike vizuri. Miaka tisa, na sikukosea hata nukta.

"Unabandika nini?" Ilikuwa sauti ya mke wangu.

"Mama, mwache aendelee, anafanya vizuri," Daktari Raba akasema.

"Nimemuuliza mume wangu. Unabandika nini hapo?"

Ndani ya mawani sikumwona. Niliona mashine tu, na mkono wangu wa kulia umekunja ngumi mbele ya kitufe. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa aina tatu, wote mzuri. Ningesema karatasi ya namba. Ningesema nafuta vumbi. Ningesema kila mkataji ana mambo yake. Nikafungua mdomo nitoe wa kwanza, na ngumi ikanibana mpaka nikausahau wote.

"Tepu," nikasema.

Nikasikia pochi inaanguka. Kisha kiti. Kisha viatu vyake vikitoka kwenda ukumbini, polepole, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa pomoni. Nilipovua mawani, Daktari Raba alikuwa ameshika kalamu na hajui aandike nini.

"Ni kosa langu, mzee?"

"Hapana mwanangu. Hili nimelichora mwenyewe."

Mke wangu hakunigombeza. Ningefurahi angegombeza. Siku nne alinitengea chai upande wa kulia wa meza, mkono wa kikombe umeelekea kulia, akaketi kunitazama nikijipinda kukichukua. Siku ya tano akasema, "Nimempigia. Alhamisi anakuja hospitali. Utamwambia mbele yangu."

"Yeye anajua, mke wangu. Alikuwepo."

"Mimi sikuwepo."

Alhamisi nilifika saa nzima kabla. Nilihesabu vigae vya ukumbi, nikasoma mabango yote ya kunyonyesha, nikaingia lifti nikashuka bila sababu nikapanda tena. Lifti ilipofunguka mara ya tatu, shemeji alikuwa amesimama mbele yangu. Amevaa sare ya mlinzi, funguo kiunoni; siku hizi anafungua na kufunga geti la shule. Nywele zilikuwa zimemwisha. Nilimwacha ana afro.

"Shikamoo, shemeji," akasema, kwa sababu ana adabu, na sijawahi kusikia shikamoo inayouma vile.

Hakukubali kiti. Alisimama mlangoni, dada yake kando yake. Walikuwa wamekuja pamoja lakini wameachiana nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Haya," akasema. "Simulia. Lakini bila chumvi. Ukiweka hata punje moja naondoka, getini wananisubiri."

Mimi nimesimulia maisha yangu yote. Nimesimulia misibani watu wakacheka mpaka wafiwa. Pale nilisimama kama mtoto aliyesahau shairi. Nilianza, "Siku hiyo jua lilikuwa..." akagusa funguo zake. Nikaacha jua.

"Nilibandika tepu kwenye kitufe cha kulia. Uliita mikono, nikajibu nje. Mkono ulikuwa ndani. Nilibonyeza mimi. Ulining'olea tepu ili nisifukuzwe. Meneja aliponiuliza, nikakutaja wewe."

"Kwa nini?"

"Wale vijana walikuwa wamesimama pale. Niliona haya."

"Haya," akasema shemeji, akilionja lile neno. "Umenifukuzisha kazi, umenitoa kwa mama yangu, kwa haya."

"Ndiyo."

"Tena umesahau kitu. Nilikuja kwako mara tatu. Ulinichungulia dirishani."

"Ndiyo. Mara ya tatu nilijificha nyuma ya pazia."

"Miguu ilikuwa inaonekana."

Mke wangu akatoa sauti ambayo nilidhani ni kicheko, nikageuka. Haikuwa kicheko. Alikuwa ameshika mkono wa sare ya mdogo wake, kitambaa tu, amekikunja kwenye vidole.

Niliutazama mkono wangu usiokuwepo, nikingoja. Mwenyewe nilidhani ukweli ukitoka, ngumi itaachia pale pale, kama mnavyodhani nyie. Haikuachia. Ilizidi.

Daktari Raba alikuwa amejibanza karibu na kompyuta. Akakohoa. "Samahani," akasema. "Nina mawani ya pili. Mzee hajawahi kukata humu, anafika kwenye kitufe anagoma. Kama mjomba ungekubali kusimama pale ulipokuwa unasimama... Silazimishi."

Shemeji akayatazama yale mawani kama mtu anayeonyeshwa nyoka. "Mimi nilikwisha toka chumba hicho cha mashine."

"Najua, mjomba."

Aligeukia mlango, akarudi. Kisha akamkabidhi dada yake funguo.

Ndani ya kiwanda alionekana kama umbo la kijivu tu, bila uso, kushoto kwangu, kwenye mafungu ya karatasi. Lakini alisimama na bega moja limeshuka, na mwili wangu wote ukamjua. Nikaweka mkono wa kushoto kwenye kitufe cha kushoto. Wa kulia nikausogeza. Ngumi. Kitufe kile ni kipana, kinataka kiganja.

Jasho likanitiririka chini ya mawani. Nikataka kuyavua nikimbie nikazunguke ghorofa.

"Mikono!" akaita.

Sauti ile ile. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, mkono mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nafundisha watu.

"Nje!"

"Hakikisha."

"Nje, shemeji. Yote miwili."

Nikasukuma. Kidole gumba kikasogea. Kikaachana na vingine, kigumu, kama mlango uliovimba mvua, na cha shahada kikakifuata. Viwili. Vitatu vilibaki vimekunja, lakini nusu ile ya kiganja ilitosha. Kitufe kikabonyea, kisu kikashuka kwenye karatasi tupu, na mimi nikalia ndani ya mawani ya watu.

Daktari Raba alikuwa anarukaruka, kwii kwii kwii. "Viwili, mzee! Viwili!"

Shemeji alivua mawani, akajifuta uso, akachukua funguo zake.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Usidhani kwa kuwa nimekuitia mikono."

"Sidhani."

"Jumapili saa nne utakuwa kwa mama. Utasema kama ulivyosema hapa. Mimi nitasimama nje ya kizingiti mpaka yeye mwenyewe aniite."

Jumapili saa tatu nilikuwa nimekwisha fika. Mama mkwe anakaribia miaka tisini, chumba chake kiko mbele, dirisha linatazama barabara, na nje pale kuna benchi la fundi viatu, bomba la maji, na wanawake watano waliokuja kuchota wakasahau kuondoka. Shemeji alisimama kizingitini na shati jeupe lililopigwa pasi. Mke wangu alikaa kitandani karibu na mama yake.

Nikapiga goti. Nikasema yote kwa sauti ya chini, tepu, mkono, meneja, haya, nikiwa nimeinamisha kichwa. Vidole viwili vilikuwa wazi, vitatu vinanichimba.

Mama mkwe akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sisikii, mkwe wangu," akasema. "Masikio yamekufa siku hizi. Sema kwa nguvu."

Nje fundi viatu alikuwa ameacha kugonga. Nilimtazama mke wangu anisaidie, amwambie mama yake sikioni. Alikunja mikono.

Nikavuta pumzi, nikapaza sauti, na maneno yakatoka dirishani yote, moja moja, mpaka bombani. Nilipomaliza, wanawake wote watano walikuwa wamegeukia dirisha. Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu.

Bibi yule alinitazama muda mrefu kwa macho ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

"Nimesikia mpaka kwenye tepu," akasema. "Anza tena."